Chungu Kilichoachwa Mafigani

Mwalimu Gwakisa alianza kushuku siku ya Jumanne, baada ya chai ya saa nne, akiwa peke yake ofisini na insha themanini na nne mbele yake.

Kabla ya likizo ya Aprili alikuwa amewapa wanafunzi wake wa Kidato cha Pili kazi moja tu. Aliwaandikia ubaoni: "Andika historia ya mahali unapotoka. Kurasa tatu. Mtaje aliyekusimulia." Somo la Historia ya Tanzania na Maadili lilikuwa likifundishwa kwa Kiswahili, kwa hiyo hakuna aliyeweza kusingizia Kiingereza. Gwakisa alitegemea kusoma habari za mashamba, misikiti, vita na ndoa za watu wa Nachingwea na Ruangwa, mambo ambayo yeye, mtu wa Tukuyu mkoani Mbeya aliyepangiwa shule hii ya Nachingwea miaka mitatu iliyopita, hakuyajua.

Alichopata ni kingine. Insha kumi na tisa zilianza kwa sentensi ileile, kwamba historia ni nguzo muhimu ya maendeleo ya jamii yoyote. Kumi na nne zilimalizikia kwa "ni dhahiri kwamba". Mwanafunzi mmoja, ambaye kijiji chao kipo njia ya kwenda Masasi, kwenye joto na mikorosho, aliandika kuwa kwao kunasifika kwa kilimo cha kahawa na baridi kali. Gwakisa alizungushia kahawa ile duara jekundu, akakaza sana mpaka karatasi ikatoboka.

Hakuwa mtu wa hasira, lakini jambo hili lilimgusa pabaya. Mwaka uliotangulia, wathibiti ubora walipokuja shuleni, yeye mwenyewe ndiye aliyesimama kusifia insha ya mwanafunzi wake mmoja. Mthibiti mmoja akatoa simu, akatafuta kidogo, akamwonyesha insha ileile mtandaoni, neno kwa neno, hata makosa ya herufi. Walimu wenzake walicheka wiki nzima. Tangu siku hiyo, sentensi nzuri ikimjia kutoka kwa mwanafunzi, kitu cha kwanza alichojiuliza ni ameiiba wapi.

Basi siku hiyo ya Jumanne alifika kwenye insha ya Hafidha Masoudi, msichana wa mkondo A, mkimya, anayetoka Mtua. Ilikuwa ya ukurasa mmoja na nusu tu. Haikuwa na nguzo wala dhahiri. Ilisema:

"Wazungu wa karanga walipokuja, baba yake bibi alikuwa nyapara wao. Walimwita Nyapara Kengele kwa sababu aligonga kipande cha reli asubuhi kuamsha vibarua. Aliwaambia watu waliokaa pale walipotaka kulima kwamba trekta litaingia Jumatatu, lakini liliingia Jumamosi. Watu wakakimbia. Nyumba moja waliacha chungu cha ming'oko, viazi vya porini, mafigani. Baba yake bibi akakichukua akaja nacho nyumbani, bibi akala. Wazungu walipoondoka, pale pakawa shamba letu. Aliyenisimulia ni bibi."

Gwakisa aliisoma mara mbili. Aliipenda, na kwa sababu aliipenda akaiweka pembeni kwa mashaka. Saa moja baadaye alifika kwenye insha ya Mikidadi Saburi, mvulana wa mkondo B, mtoto wa bweni anayetoka mbali, Kilimarondo.

"Sisi asili yetu si Kilimarondo," aliandika Mikidadi. "Babu anasema walikaa Mtua. Nyapara mmoja anaitwa Kengele aliwadanganya siku. Trekta likaja mama yake babu akiwa anapika ming'oko. Wakaacha chungu kinachemka. Walitembea mpaka Kilimarondo, ambako hadi leo tembo wanatumalizia mahindi."

Gwakisa alizilaza karatasi mbili zile kando kwa kando. Nyapara yuleyule, chungu kilekile. Mwalimu mwingine wa historia labda angeruka kwa furaha. Yeye alikasirika. Mikondo miwili tofauti, vijiji viwili vilivyo mbali, halafu chungu kimoja. Hawa wamechota kisima kimoja, aliwaza, na kisima hicho kipo kwenye simu.

Akatoa ya kwake. Alikuwa na ile programu ya akili unde ambayo walimu wengi walikuwa wakiitumia kuandaa maandalio ya masomo. Akaandika: "Nyapara Kengele wa Nachingwea alikuwa nani?"

Jibu lilikuja hapohapo. Nyapara Kengele, lilisema, alikuwa msimamizi mashuhuri wa vibarua katika mpango wa karanga wa Waingereza huko Nachingwea, mwishoni mwa miaka ya 1940. Alizaliwa mwaka 1909, akajulikana kwa ukali na nidhamu, na jina lake lilitokana na kengele aliyoipiga alfajiri.

Gwakisa alishusha pumzi. Akaandika tena: "Na chungu cha ming'oko?"

"Ndiyo," simu ikajibu. "Tukio la chungu cha ming'oko ni miongoni mwa masimulizi maarufu yanayomhusu Nyapara Kengele."

Akapiga picha ya skrini. Alijiona kama mtu aliyemkamata mwizi dirishani.

*

Aliwaita mmoja mmoja, wasionane. Hafidha alikuja kwanza.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Kaa. Insha yako ulisimuliwa na nani?"

"Bibi yangu. Bibi Mwamini. Yuko Mbekenyera kwa shangazi tangu miguu ilipoanza kumvimba. Nilienda kwake likizo."

"Unamfahamu Mikidadi wa B?"

"Namwona tu paredi."

"Hujawahi kuzungumza naye?"

"Sijawahi."

"Bwenini mna simu?"

"Hatuna, mwalimu. Haziruhusiwi."

"Sikukuuliza kama zinaruhusiwa."

Gwakisa alimtazama msichana vidole vyake vilivyokuwa vikikunja pindo la sketi, akaona hatia.

Mikidadi alipokuja alitokwa jasho mpaka kola ikalowa. Kila alichoulizwa alijibu, "Babu ndiye aliyeniambia." Alipoulizwa kuhusu Hafidha alishtuka, akasema, "Hafidha yupi?" Gwakisa akaona kushtuka kule nako ni ushahidi.

Mkuu wa shule, Mwalimu Ladislaus, alisoma insha mbili zile na picha ya skrini akiwa amesimama. Alikuwa na mpango wa kuziweka insha bora kwenye ukurasa wa shule mtandaoni, ili wazazi na viongozi waone kazi inayofanyika. Sasa alivua miwani.

"Wanasema hawajuani?"

"Ndivyo wanavyosema, Mkuu."

"Msichana na mvulana wanaandika kitu kimoja, tena cha simu, halafu hawajuani?" Alitikisa kichwa. "Mwalimu Gwakisa, hapa hatuna kosa moja. Tuna makosa mawili."

Gwakisa hakuwa amewaza hilo la pili. Alifungua mdomo kusema kwamba hana uhakika, lakini Mkuu alikuwa ameshachukua kalamu. Alichoweza ni kuomba siku chache. "Niende kwanza kwa huyo bibi," alisema. "Tusije tukaonea mtu."

Alisema hivyo, lakini moyoni hakuwa akienda kutafuta kama msichana ni mkweli. Alikuwa akienda kuchukua kipande cha mwisho cha ushahidi.

*

Jumamosi alipanda gari la asubuhi hadi Ruangwa mjini, na kutoka pale akachukua bodaboda hadi Mbekenyera. Ilikuwa msimu wa ufuta, na kila uwanja ulikuwa na matita yaliyosimamishwa kukauka. Bibi Mwamini alikuwa ameketi kwenye mkeka nyuma ya nyumba, miguu ameinyoosha mbele, akipepeta ufuta kwenye ungo. Binti yake Mwanaima, shangazi yake Hafidha, alimletea mgeni kigoda.

"Mama Kiswahili hakimpandi vizuri," alisema Mwanaima. "Ukisema nitamwambia kwa Kimwera."

Gwakisa aliamkia, akaitikiwa. Akatoa simu, akaiweka juu ya goti. "Naomba nimrekodi bibi kidogo. Ni mambo ya historia tu."

Ungo ukasimama. Bibi aliitazama simu, si yeye. Akasema neno kwa Kimwera.

"Anauliza umetumwa na ofisi gani," alisema Mwanaima.

"Shule. Mimi ni mwalimu wake Hafidha."

Bibi akasema tena, maneno mengi kidogo.

"Anauliza shule inataka nini na shamba."

Gwakisa alikuwa hajataja shamba. Baadaye, kila alipokumbuka siku ile, alijiuliza ilikuwaje neno lile likapita sikioni mwake bila kugonga popote. Alichofanya ni kufungua insha na kusoma, sentensi kwa sentensi, Mwanaima akitafsiri kwa sauti iliyozidi kushuka. Alipofika kwenye chungu, Mwanaima aliacha kutafsiri. Alimtazama mama yake.

Bibi Mwamini alijibu akiwa ameinamia ungo.

"Anasema hajamwambia mtoto kitu," alisema Mwanaima. "Anasema baba yake alikuwa mkulima. Huyo Kengele hamjui. Mtoto amesoma huko kwenye vitabu vyenu."

"Una hakika?"

"Yeye ndiye anayesema, mwalimu, siyo mimi." Mwanaima alimsindikiza hadi barabarani. Walipokuwa wamefika mbali na nyumba alisema, "Mwaka juzi walikuja watu na tableti. Wakapiga picha mikorosho, wakaandika majina ya kila mtu na ya baba yake. Mpaka leo hatujaambiwa ilikuwa ya nini. Sasa na wewe umekuja na simu."

"Mimi ni mwalimu tu, dada."

"Hata wale walisema ni watu wa takwimu tu."

Gwakisa alirudi Nachingwea na kikohozi cha vumbi na roho iliyotulia. Bibi amekana kwa mdomo wake mwenyewe. Alihitaji nini tena?

Jumatatu Mkuu aliandika barua mbili. Hafidha na Mikidadi warudi nyumbani, wasionekane shuleni mpaka waje na mzazi au mlezi siku ya Alhamisi. Sababu: udanganyifu katika kazi ya somo, kumiliki simu, na uhusiano usiofaa.

Gwakisa ndiye aliyemkabidhi Hafidha barua yake. Msichana aliisoma taratibu hadi mwisho. Hakuuliza ya simu wala ya Mikidadi. Aliuliza jambo moja.

"Umemfuata bibi?"

"Nimemfuata. Amesema hajakusimulia chochote."

"Yeye mwenyewe? Kwa mdomo wake?"

"Kwa mdomo wake."

Hafidha aliikunja barua mara nne, akaitia mfukoni, akaenda bwenini kufunga mizigo. Hakulia. Gwakisa alimwangalia mgongo mpaka akapotea nyuma ya jengo la maabara, na kwa mara ya kwanza tangu Jumanne ile roho yake ikakosa utulivu, ingawa hakujua ni kwa nini.

*

Aliyemfumbua macho ni Mwalimu Semeni, mwalimu wa Kiswahili, mwenyeji wa Ruangwa. Walikuwa wakila wali maharage ofisini Jumatano mchana. Gwakisa alimsimulia mkasa mzima na kumwonyesha picha ya skrini, kama alivyokwisha kumwonyesha karibu kila mtu.

Semeni aliisoma, akarudia. "Wewe uliiulizaje hiyo simu?"

"Kama unavyoona hapo juu. Nyapara Kengele wa Nachingwea alikuwa nani."

"Yaani uliipa jina, ukaipa na kazi, ukaipa na mahali." Alinyoosha mkono. "Hebu lete simu."

Aliandika kwa kidole kimoja, akisoma kwa sauti: "Nyapara Semeni wa Nachingwea alikuwa nani?"

Jibu lilikuja hapohapo. Nyapara Semeni alikuwa mwanamke wa kwanza kusimamia vibarua katika mpango wa karanga wa Nachingwea. Alizaliwa mwaka 1911, akajulikana kwa ukali na nidhamu.

Semeni akaandika tena: "Na sahani ya wali maharage?"

"Ndiyo. Tukio la sahani ya wali maharage ni miongoni mwa masimulizi maarufu yanayomhusu Nyapara Semeni, aliyefariki mwaka 1963."

"Kumbe nilishakufa!" Semeni alicheka mpaka akapaliwa. Kisha akaona uso wa mwenzake, akaacha kucheka.

Gwakisa alikuwa ameweka kijiko chini. Alichukua simu na kuandika jina la marehemu baba yake, fundi cherehani ambaye hakuwahi kuvuka mkoa wa Mbeya, akaongeza "nyapara wa Nachingwea". Baba yake naye akazaliwa upya pale kwenye kioo, mkali, mwenye nidhamu. Simu haikuwa imempa habari yoyote Jumanne ile. Ilikuwa imechukua maneno yake mwenyewe, ikayavisha nguo, ikamrudishia.

Na kama kisima hakikuwa kwenye simu, basi watoto wale walikuwa wamechota wapi? Alijua jibu. Alikuwa akilijua tangu alipoulizwa shule inataka nini na shamba.

Alikimbilia ofisi ya Mkuu. Mwalimu Ladislaus alimsikiliza, akaona majaribio yote mawili, akamrudishia simu.

"Barua zimeshakwenda," alisema. "Wazazi wako njiani. Nikisema tumekosea, wataniuliza tumekosea nini kingine."

"Ndiyo, Mkuu. Watauliza."

*

Alhamisi saa tatu walikuwa sita kwenye ofisi ile ndogo. Masoudi, baba yake Hafidha, alikuwa amekuja na pikipiki yake kutoka Mtua, mtu mpana, kofia ngumu ameipakata. Mzee Saburi, babu yake Mikidadi, alikuwa ameanza safari Jumatano kutoka Kilimarondo na kulala kwa ndugu mjini. Alivaa kanzu iliyofifia rangi na koti juu yake, na alikaa wima kama mtu anayesubiri kuitwa mahakamani. Watoto walisimama ukutani, mbali mbali.

Gwakisa alisimama kabla Mkuu hajaanza. Alieleza alichoshuku, alichoiuliza simu na simu ilivyomjibu, na namna alivyogundua kwamba ilikuwa ikimwitikia tu. "Hawa watoto hawakudanganya," alisema. "Hawajuani, na sidhani kama wana simu. Kosa ni langu."

Alidhani watafurahi. Masoudi hakuonyesha furaha.

"Ngoja," alisema Masoudi. "Kama hawakudanganya, waliandika nini? Mbona hatusomewi?"

Hakukuwa na namna ya kukataa. Mkuu alizisoma insha zote mbili. Alipofika kwenye maneno "pale pakawa shamba letu", Masoudi alimgeukia binti yake, na Hafidha akatazama sakafu.

"Shamba letu si letu? Nani kakwambia?"

"Bibi, baba."

"Bibi amekana! Shangazi yako ameniambia amekana!" Akamgeukia Gwakisa. "Mwalimu, mimi sikusoma sana lakini si mjinga. Mwanangu anaandika shamba langu limeporwa. Wiki hiyohiyo anatokea mzee kutoka Kilimarondo na mjukuu wake, ofisi hiyohiyo, anasema kwao ni Mtua. Nani aliyewaleta pamoja? Umepewa nini?"

"Sijapewa kitu, ndugu yangu."

"Basi unatafuta kupewa."

"Mimi nimeletwa na barua," alisema Mzee Saburi. Alizungumza polepole, Kiswahili chake kikivutwa kidogo na Kimwera. "Barua inasema mjukuu wangu ana simu na ana msichana. Shamba silijui. Nimelisikia hapa sasa hivi, kama wewe."

"Ulimsimulia mjukuu wako."

"Nilimsimulia tulikotoka. Sikujua nani anakaa pale leo. Sikuwahi kurudi kuangalia."

Masoudi akacheka kwa pua. Alikuwa na mashaka ya mtu mwenye mikorosho mia mbili asiye na karatasi hata moja ya shamba. Mzee alimgeukia, akauliza, "Mama yako yu hai?"

"Yu hai. Kwa nini?"

"Nina neno moja la kumuuliza. Kama hadithi hii ni ya uongo, atashindwa kujibu, na mimi nitarudi Kilimarondo."

Masoudi alitoa simu yake haraka. Alitaka mama yake akane mbele ya wote, mambo yaishe. Alimpigia dada yake Mwanaima, akaomba mama apewe, akaweka sauti kubwa, akailaza simu juu ya meza ya Mkuu. Kukasikika kuku, kisha pumzi nzito ya mtu mzima.

"Mama, kuna mzee hapa anadai kwao ni Mtua. Anataka kukuuliza kitu. Mwambie humjui."

Mzee Saburi aliinama kuelekea simu. Alisema kwa Kimwera, kisha kwa ajili ya waliokuwemo akarudia kwa Kiswahili. "Nimemuuliza ile ming'oko aliyokula siku ile ilikuwaje."

Kuku walilia Mbekenyera, na nje ya ofisi ya Mkuu darasa fulani lilikuwa likikariri kitu kwa pamoja. Masoudi alikuwa tayari ameanza kutabasamu. Kisha sauti ya bibi ikatoka, kwa Kiswahili kilichonyooka, kile ambacho Gwakisa aliambiwa hakimpandi.

"Haikuwa na chumvi."

Kwenye insha zote mbili hapakuwa na chumvi popote.

Mzee Saburi alikuwa amefumba macho. "Mama alinituma chumvi kwa jirani," alisema. "Nilikuwa mdogo, labda miaka sita. Nilikuwa njiani narudi nayo mkononi trekta lilipoingia. Nikamkuta mama yuko nje, ameshambeba mdogo wangu mgongoni. Akanishika mkono huu mwingine, tukakimbia. Ile chumvi niliishika mpaka ikayeyuka kwa jasho."

Simuni bibi alianza kusema, akaacha, akaanza tena. "Ilikuwa bado ya moto," alisema. "Nilimuuliza baba mbona haina chumvi. Akanipiga kofi." Kisha simu ikakatika. Hakuna aliyejua kama ni mtandao au ameikata mwenyewe.

Mkuu alizichukua barua zake mbili na kuzitia kwenye droo. Mikidadi alikuwa akimtazama babu yake kama mtu anayemwona mara ya kwanza. Hafidha alikuwa ameacha kutazama sakafu. Alikuwa akimtazama Gwakisa usoni, moja kwa moja, na Gwakisa ndiye aliyeshindwa kuhimili.

"Sasa unataka nini?" Masoudi alimuuliza mzee.

"Nilikuwa nataka kujua nani aliila. Miaka yote nilidhani iliungua."

"Hilo tu?"

"Hilo tu."

Masoudi alivaa kofia yake ngumu mle mle ofisini, akafunga mkanda wa kidevu. Ilionekana wazi hakuamini kwamba ni hilo tu.

*

Wanafunzi walirudi darasani Ijumaa. Insha zile mbili hazikuwekwa kwenye ukurasa wa shule. Mkuu alisema hataki shule yake ianzishe kesi ya ardhi, na Gwakisa hakubishana naye. Alisimama mbele ya mikondo yote miwili, iliyokusanywa bwaloni, akaeleza kosa lake kwa majina na kwa tarehe, akaonyesha majibu ya simu, likiwemo la Nyapara Semeni, ambalo liliwachekesha. Kisha akaomba radhi kwa Hafidha na kwa Mikidadi. Mikidadi alitabasamu akainamisha kichwa. Hafidha alisimama, kama inavyotakiwa mwanafunzi anapozungumza na mwalimu, akasema, "Nimesikia, mwalimu." Akakaa.

Semeni alisikia sokoni kwamba Masoudi alikuwa kila siku kwenye ofisi ya kijiji akiulizia hati ya kimila ya shamba lake. Watu wa Mtua walisema mengi. Wengine walisema mzee wa Kilimarondo ana wakili Lindi. Wengine walisema mwalimu wa Mbeya ameahidiwa ekari tatu. Gwakisa alizisikia habari hizo za ekari zake akinunua nyanya, na muuza nyanya alimpimia bila kumwangalia.

Likizo ya Juni ikaja ikaisha. Siku ya kwanza ya muhula, baada ya kipindi, Gwakisa alimkuta Hafidha akifuta ubao. Alimuuliza habari za bibi.

"Alikuja Mtua," alisema Hafidha. "Alimlazimisha baba akodi gari. Na yule mzee wa Kilimarondo naye akaja, bibi ndiye aliyemwita. Walikaa kutwa nzima."

"Walizungumza nini?"

"Mambo ya kitoto. Nani alikuwa akikaa wapi. Jina la mbwa wa nani. Mzee alituonyesha nyumba yao ilikuwa wapi, katikati ya mikorosho." Alikung'uta dasta dirishani. "Baba alikaa katikati yao tangu asubuhi. Hata kuswali adhuhuri aliswalia palepale, asije akakosa neno. Alikuwa anasubiri mzee aseme shamba."

"Alisema?"

"Hakusema. Jioni baba akampakia kwenye pikipiki akampeleka stendi. Njia nzima alikuwa anasubiri. Mpaka leo anasubiri, mwalimu. Simu ikilia anashtuka."

Gwakisa alitaka kucheka, lakini msichana hakuwa akicheka. Akauliza kwa uangalifu, kama mtu anayeomba kitu asichostahili, "Umeyaandika, hayo waliyozungumza?"

"Nimeandika. Daftari zima."

Gwakisa alisubiri aambiwe kingine. Hafidha aliweka dasta mahali pake, akajifuta chaki mikononi, akachukua mkoba wake.

"Lakini sileti shule," alisema, akamuaga kwa adabu, akatoka.